Neno Laini na Chumba Chetu cha Changamwe

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo mpaka leo nikilisikia nasaga meno. Si tusi. Ni neno la kawaida kabisa, line, ambalo sisi twalitamka laini, na watu wa Changamwe hulisema tangu wanapoamka. Mimi nalijua kuliko wengi wanaolisema. Nilifundishwa lilikotoka, kisha nikaishi ndani yake, kisha nikatolewa.

Nilifundishwa shuleni kwa wamishonari. Nilifika sekondari, nikakaa miaka miwili, na kwetu upande wa Kaloleni msichana kufika sekondari kulisemwa kama ugonjwa. "Bintiyo yu wapi siku hizi?" "Yuko sekondari." "Ah. Poleni." Mwalimu wetu wa Kiingereza, bibi wa Kizungu ambaye hakuwa ameolewa, alikuwa na adhabu moja tu kwa kila kosa: kuandika sentensi ile ile mara mia katika daftari. Adhabu yenyewe iliitwa lines. Niliandika nyingi kuliko msichana yeyote, maana nilikuwa najibu.

Siku moja nilimwuliza kwa nini adhabu inaitwa hivyo, na njia ya gari la moshi nayo ni line, na mshipi wa kuvulia samaki ni line, na askari wakisimama wamejipanga ni line. Nilitaka kumchokoza. Yeye akafurahi. Akachora ubaoni mmea wenye maua madogo, akasema maua yake ni ya buluu. Mmea wa kitani, ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Warumi waliuita linum, akasema, na uzi uliotoka humo wakauita linea. Fundi wa kujenga akauvuta uzi huo kati ya vijiti viwili apate ukuta ulionyooka. Siku zikapita, watu wakauacha uzi, wakabaki na unyofu wake, na kila kilichonyooka kikaitwa line: maneno kwenye karatasi, waya wa simu, mpaka wa shamba, kunyanzi la uso, hata ukoo, baba na mwana na mjukuu.

"Sasa mtu akisema line tu," nikamwuliza, "mtajuaje anasema ipi?"

"Kwa maneno yaliyokaa jirani nalo," akajibu.

Nikaandika hilo daftarini, na moyoni nikawahurumia Waingereza. Sisi tuna mstari, na safu, na mshipi, na kamba, na njia, na nasaba, kila kitu na chake. Wao ni kama mtu mwenye sufuria moja: asubuhi chai, mchana ugali, jioni anaogea. Na laini yetu sisi, ile ya kitu kisichokwaruza, haina udugu na yao. Ile ni ya Kiarabu, tulirithi. Nalisema hapa nisije nikaulizwa, kwa maana pale Changamwe mzaha huo ulichakaa. Kila mgeni aliambiwa karibu laini, mama, na kila mgeni alicheka mara moja tu.

Niliolewa na mtu wa kwetu aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli. Kazi yake ilikuwa kuelekeza mabehewa yaingie njia yake na kusafisha taa za ishara. Alikuja kunichukua mwaka wa arobaini na tatu, vita vikiendelea, mtoto wetu wa kike akiwa na miezi mitatu. Nilimwuliza twaenda kukaa wapi. "Laini," akasema. Nikadhani atanieleza zaidi. Hakuwa na la zaidi.

Laini zilikuwa nyumba ndefu, chumba baada ya chumba, milango ikitazama milango ya nyumba ya pili, na katikati udongo mweusi wa makaa. Chumba chetu tuligawana na mfanyakazi mwenzake na mkewe, watu wa bara, wa upande wa ziwani. Tuligawana kwa kamba iliyotundikwa shuka. Upande huu sisi, upande ule wao. Mtoto akikohoa, upande wa pili walisema pole. Mume akinuna, upande wa pili walijua sababu kabla yangu.

Na vyumba vile havikuwa vya wake. Hilo ndilo mume wangu alilosahau kunieleza. Vilikuwa vya wafanyakazi wanaume. Mke aliruhusiwa kuja kumwona mumewe mwezi mmoja, kwa karatasi yenye mhuri, mwezi ukiisha arudi kwao na mtoto wake. Ukoo, yule mwalimu alisema, ni line. Basi katika laini za Changamwe hiyo ndiyo iliyokuwa marufuku.

Karatasi yangu iliisha na sikurudi. Nisingerudi. Kwetu mvua ilikosekana msimu ule, mama mkwe alikuwa akichemsha mizizi, mchele ulikuwa umepotea madukani kwa sababu ya vita, na mahindi tuliyapata kwa kusimama kwenye laini ya posho, hiyo nayo laini, kuanzia jua halijatoka. Mume wangu alipewa posho kazini. Nikiwa Changamwe, mtoto anakula. Nikiwa kwetu, hali. Sikutaka kitu kingine chochote duniani mwaka ule ila mwanangu alale chumba kimoja na babake, karibu na ule unga. Hilo ndilo nililokuwa nikilipigania, na nataka lieleweke kabla sijasema nililolifanya.

Wanawake waliokuwa pale bila karatasi walikuwa wengi, na walikuwa na utaratibu wao. Karani wa nyumba alikuwa mtu wa Likoni, Mwislamu mpole, akitusalimia sote hata sisi tusiostahili kuwapo. Siku ya ukaguzi, asubuhi akienda ofisini, alisimama nyumba ya mwisho akaomba maji ya kunywa. Siku nyingine hakuomba. Akishakunywa akaenda zake, mama wa nyumba ile alianika leso nyekundu kwenye kamba yake. Ukiona leso nyekundu, unatia kinu, mwiko na nguo zako katika gunia, unalisukuma chini ya kitanda cha mume, unamfunga mtoto mgongoni, unapita kwenye tundu la seng'enge na kuingia shamba la mihogo lililokuwa nyuma. Mwenye shamba alikuwa mzee wa pale pale, wala hakutuuliza kitu, ila alitutaka tukiwa mle tung'oe magugu. Kwa hiyo ukaguzi ulipofika, Mzungu msimamizi wa nyumba alikuta laini za wanaume, na ng'ambo ya seng'enge wanawake wakipalilia.

Mimi, na masomo yangu, wiki ya kwanza bila karatasi nilifua leso yangu ya harusi nikaianika nje. Ilikuwa nyekundu. Laini zote zikahama. Tulikaa kwenye mihogo mpaka jua likatupita vichwani, kila mmoja akimwuliza mwenzake karani kaonekana wapi, na sufuria za watu zikiungua ndani. Mwanamke wa ziwani, yule wa upande wa pili wa shuka, ndiye aliyegundua.

"Ile leso ni ya nani?" akauliza.

"Yangu," nikasema.

Kisha akakaa chini akacheka mpaka akajifuta macho. "Huyu mmoja amesoma vitabu," akawaambia wenzake, "amemaliza vyote, lakini leso hajasoma." Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu. Hakuwa ananisifu.

Lakini alinifundisha yote. Alinifundisha kumnyamazisha mtoto kwa kumpa kidole chenye chumvi kidogo. Alinifundisha kupika mapema, moshi wa mchana unaonekana mbali. Na kubwa kuliko yote, winda za mtoto, vile vitambaa anavyofungwa mapajani.

"Mwalimu, hapa mtoto hana nguo," aliniambia. "Wewe unaelewa? Nguo ya mwanamke wanaweza kusema ni ya mgeni. Mwiko wanaweza kusema ni ya mwanaume anapika. Winda haina kitu unaweza kusema. Kausha ndani."

Yeye hakuwa na mtoto. Alizika wawili kwao kabla ya kuja. Aliniambia hilo akichambua mboga, bila kuinua macho, na tangu hapo akamchukua mwanangu kama mtu anavyochukua chake. Nilipokwenda kupanga foleni ya posho, ni yeye aliyebaki naye.

Tukaishi hivyo, nikikausha winda juu ya jiko la makaa, ndani, mahali pa watu wazima wanne. Chumba kikanuka. Nikawa natembea ndani kama kuku aliyefungwa mguu, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi. Nilikuwa na hasira na kamba ya shuka, na mume aliyezoea, na zaidi ya yote na neno lenyewe. Mume akiulizwa anakaa wapi husema laini. Akiulizwa anafanya kazi wapi, laini. Mimi nikiulizwa nilikuwa wapi tangu alfajiri, laini. Nilimwambia siku moja kwamba Waingereza wametuweka katika sufuria yao ile moja. Akasema, "Sufuria gani?"

Kisha masika. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, winda hazikukauka, juu ya jiko zilitoka na unyevu na harufu ya moshi, na ngozi ya mwanangu ikaanza kuchubuka. Kwanza wekundu, kisha vidonda mapajani. Akawa halali. Alilia kwa sauti ile nyembamba ya mtoto aliyechoka kulia, na upande wa pili wa shuka hawakusema pole tena, walinyamaza, jambo lililoniuma zaidi. Nilimpaka mafuta ya nazi. Nilimwacha wazi. Vidonda vikalowa.

Asubuhi moja jua likatoka. Halikuchungulia, lilitoka kweli, bati zikaanza kutoa mvuke. Nikafua winda zote kwa maji ya moto nikaanza kuzibeba nje.

"Mwalimu, rudisha," akasema mwanamke wa ziwani mlangoni.

"Saa moja tu, dada. Zishike jua saa moja."

"Leo karani hajapita bado."

"Basi akipita nitazitoa."

"Hutawahi. Ni nyingi."

"Umemwona mapaja?" nikamwuliza.

Alikuwa amemwona. Aliingia ndani akatoka na zile zilizosalia, tukaanika pamoja, nyeupe zote, kwenye kamba moja mbele ya mlango wetu. Nakiri zilinipendeza. Nilisimama nikizitazama zinavyopepea kama mtu aliyepata barua kutoka kwao.

Karani akaomba maji. Leso nyekundu ikapanda. Wanawake wakaanza kupita mbele yetu na watoto mgongoni, mmoja akanisonya, mwingine akasema, "Umetuua." Mwanamke wa ziwani akaanza kung'oa winda kwenye kamba, nami nikang'oa, lakini Mzungu siku ile hakuanzia ofisini kama kawaida yake. Alikuja na baiskeli kutoka upande wa stesheni, na tulipogeuka alikuwa ameshafika kona, na karani akimfuata kwa miguu mbio. Nikamwambia dada, nenda. Akanitazama, akatazama mtoto, akaenda. Nilirudi nyuma ya mlango na mwanangu kifuani. Nusu ya winda zilibaki zikipepea.

Nilisikia baiskeli inaegemezwa ukutani. Nilisikia Mzungu akiuliza kwa Kiingereza vile ni vitu gani.

Karani hakusita hata kidogo. "Ni vitambaa vya kusafishia taa, bwana," akasema. "Anayekaa hapa ni mtu wa taa."

Mzungu akashika kimoja, nadhani, maana kamba ililia. "Safi sana," akasema.

"Ni mtu mwangalifu, bwana."

Na alitosheka. Nataka niseme wazi, alitosheka. Nilisikia hatua zake zikigeuka. Kulikuwa na kazi moja tu iliyobaki kwangu duniani, nayo ni kusimama nyuma ya ule mlango na kufunga mdomo kwa muda wa mtu kupanda baiskeli. Mtoto mwenyewe alikuwa amenyamaza. Mtoto wa miezi minane alijua zaidi yangu.

Lakini eti ni vitambaa vya kusafishia taa. Nilizichana leso zangu mbili nyeupe kutengeneza zile winda. Nilizifua kwa mikono hii. Mtoto aliyeoza mapaja kwa kufichwa, sasa nguo zake ni vitambaa vya kufutia masizi, na yeye mwenyewe hayupo, hajazaliwa, babake ni mtu mwangalifu. Nikafungua mlango.

"Hizo ni za binti yangu," nikasema kwa Kiingereza. Kiingereza kizuri, chenye kila kitu mahali pake. "Yeye anaishi hapa. Nami pia."

Mzungu hakukasirika. Hilo ndilo linalonikera hata sasa. Alinitazama kwa mshangao, kisha akaniuliza nimesomea wapi. Nikamtajia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri dukani asichokihitaji. Kisha akamgeukia karani, na uso wake ukabadilika. Karani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wako wangapi?" Mzungu akamwuliza.

Karani akaendelea kutazama viatu. Mzungu akainua macho akatazama mihogo.

Mchana huo askari waliingia shambani, wakawatoa wote na watoto wao, wakawapanga. Majina yakaandikwa. Wa karibu waliambiwa waondoke kabla ya Jumamosi. Wa bara waliandikiwa safari ya gari la moshi. Karani hatukumwona tena kwenye nyumba. Alipelekwa bohari, kuhesabu misumari, wakasema. Nilimpelekea salamu za kuomba msamaha kwa mtu mmoja, akajibu kwamba hana neno nami, Mungu ndiye ajuaye. Afadhali angenitukana.

Mume wangu aliporudi kazini alikuwa ameshaambiwa njiani. Akakaa juu ya gunia.

"Karani alikuwa ameshamaliza," akasema.

"Alimwita mwanao kitambaa cha taa."

"Winda ndizo alizoziita hivyo."

"Ni nguo zake."

"Angeziita ngozi ya punda. Angeziita chochote. Tungekuwa ndani." Alisema polepole, bila kupandisha sauti. "Ungenyamaza tu. Wewe hujui kunyamaza?"

"Sijui," nikamwambia. "Hukuniuliza uliponioa."

Tulipata chumba cha udongo Miritini, kwa familia ya Waislamu wakulima waliotupa bila maswali mengi. Mume akawa anatembea kando ya reli kwenda kazini, anaondoka giza, anarudi amechoka asiseme. Nyuma ya nyumba palikuwa na ua wenye jua tele. Mapaja ya mtoto yalipona kwa wiki mbili. Hilo lilitokea, nami silifichi, na pia halitoshi kunitakasa. Unga ulipungua, kwa sababu Miritini hadi penye posho ni mwendo, na siku nyingi nilifika nikiambiwa umekwisha.

Siku ya gari la bara nilikwenda stesheni ya Changamwe na mtoto mgongoni. Sikuwa na hakika kama mwanamke wa ziwani ataniongelesha. Mumewe alibaki kazini. Alikuwa peke yake dirishani, gunia lake magotini, lile lile la chini ya kitanda. Nilimpa mkate wa kumimina na chupa ya maji. Alivipokea. Kisha akanyosha mikono kupitia dirishani, nikafungua leso, nikampa mtoto.

Akamgeuza kama anavyogeuzwa mtoto wa kwako, akamfunua, akatazama mapaja. Yalikuwa yamefunga vizuri.

"Imepona," akasema.

"Jua, dada."

"Mimi naona." Akamfunga tena winda, akaikaza vizuri kuliko nilivyoikaza mimi. "Mwalimu. Ulisema ukweli, siyo?"

"Nilisema ukweli."

"Ulisema na mdomo yako. Safari nimepewa mimi."

Hakusema kwa chuki. Alisema kama anayenionyesha leso kwenye kamba na kunisubiri nisome. Gari likapiga honi. Akanirudishia mtoto, ambaye alianza kulia akimnyoshea mikono.

"Nitakuandikia," nikamwambia, nikitembea sambamba na dirisha. "Nipe anwani ya kwenu. Nitakuandikia barua."

"Usiandike," akasema. "Nani atanisomea?"

Nikaendelea kutembea mpaka jukwaa likaisha, mtoto akilia, na nilipotaka kumwambia kwamba nitaandika hata hivyo, behewa lake lilikuwa limeshapita.